Mtoto Amekingama

Kila asubuhi Skolastika alikaa mlangoni pa jiko na ungo wake, akapepeta mtama na kuzungumza. Alizungumza na kuku. Alizungumza na mbuzi. Zaidi ya wote alizungumza na Diana, mke wa mwanawe Fredi. Nyumba yao ilikuwa kijijini, nje kidogo ya Butiama, katikati ya mawe makubwa ambayo watoto walipenda kuyapanda. Mazungumzo ya Skolastika yalianza popote, lakini yaliishia mahali pamoja: kwa mama yake, marehemu Matrida.

"Mama alikuwaga na mikono," alisema. "Sisemi mikono ya kushikia jembe tu. Wanawake walikuwa wanatokaga mbali, hata Bukima, huko ziwani. Wanalala njiani ili mama awaguse tumbo. Anaosha mikono kwa maji ya moto, anapaka samli, anafumba macho. Halafu anasema, kichwa kipo hapa, mgongo upo hapa, miguu ipo hapa. Hakosei."

Diana alikuwa ameisikia habari hiyo mara nyingi, na hakuichoka. Yeye alizaliwa Kabasa, mjini Bunda, na hakuwahi kumwona Matrida. Lakini kwa jinsi alivyosimuliwa, ni kama alimjua. Alijua jinsi alivyofunga kitambaa kichwani, alivyocheka, na jinsi nyumba yake ilivyonukia samli na moshi.

Diana alikuwa na mimba ya nne. Watoto watatu wa kwanza aliwazaa salama. Mimba hii alikuwa amekwenda kliniki mara mbili tu. Siku ya mara ya tatu ilipofika, palizi ilikuwa imewabana.

"Acha kwanza, mwanangu," Skolastika alimwambia. "Utakwenda tukimaliza. Hilo tumbo si ninaliona mimi hapa kila siku?"

Palizi ikaisha. Ikaja kazi ya kuvuna maharage, kisha kuyaanika na kuyapura. Kadi ya kliniki ikabaki kwenye begi, chini ya nguo za watoto.

Jumapili moja, baada ya misa, Fredi alikwenda mnadani kuangalia ng'ombe. Diana alikuwa anafua. Akasimama ghafla na kushika kiuno.

"Mama, huyu mtoto ananipigaga huku pembeni," alisema. "Wale wengine walikuwa wananipiga juu, hapa chini ya mbavu. Huyu ni ubavuni tu. Na tumbo lenyewe angalia. Limepanuka kama nimebeba kikapu kwa upande."

Skolastika akaweka ungo chini. Akaliangalia tumbo. Kweli, lilikuwa limekwenda upana kuliko urefu.

"Njoo ndani," alisema. "Nitakukanda, akae sawa. Mama alikuwa anafanyaga hivyo."

Akachemsha maji. Akanawa. Akatoa kichupa cha samli, akajipaka viganjani. Harufu ile ilimrudisha miaka hamsini nyuma. Alijiona ni mtoto, ameshika taa ya kibatari, mama yake amepiga magoti mbele ya mgeni. Moyo wake ukajaa furaha. Ni kama Matrida alikuwa amerudi na kuingia katika mikono yake.

Akaanza kupapasa. Upande wa kushoto wa tumbo akakuta kitu kigumu cha mviringo.

"Kichwa hiki hapa!" alisema kwa shangwe. "Sasa tunakishusha chini."

Akasukuma.

"Inauma, mama," Diana alisema.

"Vumilia kidogo tu."

Akasukuma tena, kwa nguvu zaidi. Mara tumbo lote likakaza, likawa gumu kama jiwe. Diana akapiga kelele na kumshika mkono.

"Mama, acha! Acha!"

Skolastika akaacha. Alibaki amepiga magoti, mikono inang'aa kwa samli. Hakujua afanye nini. Ndipo alipotambua jambo moja lililomtia hofu: alikuwa amemwona mama yake akifanya kazi ile mara nyingi, lakini mama yake hakumfundisha hata siku moja.

Baada ya muda tumbo likalegea. Mtoto akacheza. Diana akalia kidogo, kisha akageukia ukutani.

Fredi aliporudi jioni, mkewe alimweleza yote. Hakumgombeza mama yake. Alichukua simu akampigia nesi wa zahanati. Nesi huyo aliitwa Bhoke.

"Damu inatoka?" Bhoke aliuliza.

"Hapana."

"Maji je? Chupa imepasuka?"

"Hapana, sista."

"Mtoto anacheza? Tumbo limelegea, au bado linauma?"

"Anacheza. Limelegea, haliumi tena."

"Basi mleteni kesho asubuhi mapema. Lakini nisikilize vizuri, Fredi. Damu ikitoka hata tone, au maumivu yakirudi, au mtoto akiacha kucheza, msisubiri kupambazuke. Nipigie saa hiyo hiyo. Na mtu asiliguse tena hilo tumbo."

* * *

Jumatatu asubuhi walifika zahanati kabla mlango haujafunguliwa. Skolastika alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Usiku hakuwa amelala vizuri. Alitamani kubaki nyumbani, lakini aliona aibu zaidi kubaki kuliko kwenda.

Bhoke alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa na miwani iliyoning'inia kwa uzi. Siku hiyo alikuwa na mwanafunzi wa uuguzi kutoka Musoma, binti aliyeitwa Stellah, ambaye ndiyo kwanza anaanza mafunzo ya vitendo.

"Nani alikanda?" Bhoke aliuliza.

"Ni mimi, sista," Skolastika alisema. "Mama yangu alikuwa mkunga. Nilidhani ninaweza."

Skolastika alijiandaa kufokewa. Lakini nesi alivuta kiti.

"Kaa hapa karibu, mama. Leo Stellah anajifunza kupima tumbo kwa mikono. Na wewe ujifunze. Diana, unakubali mama abaki, na mwanafunzi akupime?"

Diana akafikiri. Akamwangalia mkwe wake.

"Abaki," alisema. "Ila asinisukume."

"Humu hakuna kusukuma," Bhoke akasema. "Kwanza nenda ukajisaidie haja ndogo. Kibofu kikijaa, kinatudanganya, na wewe utaumia."

Diana aliporudi, Bhoke alifunga pazia. Akamlaza chali kitandani, akamwekea mto kichwani, akamwambia akunje magoti kidogo ili ngozi ya tumbo ilegee. Akamfunika khanga miguuni. Kabla ya lolote, akaweka tumboni kifaa kidogo cha chuma chenye umbo la tarumbeta, akatega sikio, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto huku akiitazama saa yake. Alisikiliza dakika nzima.

"Mia na arobaini," Bhoke alisema. "Yuko vizuri. Kawaida ni kuanzia mia na kumi hadi mia na sitini."

Skolastika akashusha pumzi. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kitambaa.

"Sasa, Stellah," Bhoke akaendelea, "mikono yako ikoje?"

"Nimeshanawa, sista."

"Ni baridi. Nimeigusa. Ukimwekea mama mikono ya baridi, tumbo linakaza, na hutapata kitu. Isugue kwanza."

Stellah akasugua viganja. Akaweka vidole kwenye tumbo la Diana, akabonyeza kwa ncha. Diana akakunja uso.

"Umemwona usoni?" Bhoke akauliza. "Wewe unaangalia mikono yako. Angalia uso wa mama. Uso ndio unaokuambia kama unakosea. Usichome kwa ncha za vidole. Laza kiganja, halafu tumia nyama ya vidole, hivi. Kama mtu anayepapasa nguo gizani kujua ni gauni au ni shati. Na tumbo likikaza, toa nguvu, subiri lilegee. Wakati huo usitafute kitu."

Akaanza kuonyesha. Alisimama upande wa kulia wa Diana, akamtazama usoni.

"Kabla ya kugusa, tazama kwa macho. Tumbo lina umbo gani? Hili limepanuka. Diana yuko wiki ya thelathini na sita. Kwa wiki hizo, mfuko wa uzazi ungekuwa umefika juu, karibu na mbavu. Huu haujafika. Kwa hiyo najiuliza swali, halafu natafuta jibu kwa mikono. Swali la kwanza: juu kuna nini? Weka mikono yote miwili hapa, kwenye kilele cha mfuko. Kukiwa na kichwa, utasikia kitu kigumu, cha mviringo, ukikigusa kidogo kinacheza chenyewe, kwa sababu kina shingo. Kukiwa na matako, ni laini, mapana, na ukiyagusa mwili wote unatikisika. Haya, una nini?"

Stellah akapapasa. Akapapasa tena. "Sioni kichwa. Sioni matako. Sista, nakosea?"

"Hukosei. Mara nyingi mwanafunzi akikosa kitu anajibunia jibu. Wewe umesema kweli. Swali la pili: pembeni kuna nini? Mkono mmoja utulie upande huu, ushikilie tu. Mwingine upapase upande wa pili. Halafu unabadilisha. Mtoto aliyekaa vizuri, upande mmoja utakuta mgongo, mrefu, ulionyooka kama ubao. Upande mwingine utakuta vitu vidogo vidogo vinavyokwepa. Hivyo ni mikono na miguu."

Stellah alianza upande wa kulia. Uso wake ukaangaza. "Nimepata kichwa!"

"Kitikise kidogo. Kinacheza chenyewe?"

"Hapana. Anatikisika wote."

"Basi umeyashika matako, na umeyaita kichwa," Bhoke alisema. Hata Diana akacheka pale kitandani. "Usijali. Na mimi nilianza hivyo hivyo. Hamia kushoto."

Stellah akahamia kushoto. Akapapasa taratibu. "Hiki sasa. Ni kigumu. Kinacheza."

"Hicho ndicho kichwa. Mama, njoo."

Skolastika akashtuka. "Mimi?"

"Nawa mikono, uje. Diana, umeridhia?"

Diana akaitikia kwa kichwa. Skolastika akanawa kwa sabuni, akasugua viganja mpaka vikapata joto. Bhoke akaweka mikono yake juu ya mikono ya mama huyo, akaiongoza taratibu. Hapa kichwa. Hapa matako. Hapa mgongo umelala, umekatiza tumbo kutoka upande huu hadi ule. Skolastika alishangaa jinsi mikono ya nesi ilivyokuwa myepesi. Ilitua tu. Ikasubiri. Ikahama.

"Sasa swali la tatu," Bhoke alisema. "Chini, juu kidogo ya mfupa wa kinena. Mtoto anapotokea ni huku. Wiki hizi tunategemea kukuta kichwa hapa. Kikiwepo, kuna swali la nne. Unageuka, unatazama miguuni kwa mama, unashusha vidole taratibu pande zote mbili, ili ujue kichwa kimeshaingia kwenye nyonga au bado kinaelea. Lakini leo hatutafika huko. Mama, mkono wako unasikia nini hapa?"

Skolastika akapapasa. Akasubiri.

"Patupu," alisema polepole. "Hapana kitu. Pako wazi."

Alipolitamka neno hilo, mikono yake ikasimama. Alikuwa amelisikia zamani. Alilisikia kwa sauti ya mama yake.

"Mama, vipi?" Diana aliuliza.

Skolastika akarudi nyuma, akakaa kitini.

"Kulikuwa na mwanamke," alisema. "Anaitwa Kwangu. Nilikuwa na miaka kama tisa, kumi. Mama alimpapasa hapa chini, akasema, pako wazi. Akaanza kumgeuza yule mtoto. Alijaribu sana. Tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Halafu damu ikatoka. Wanaume wakakata miti, wakafunga machela, wakambeba kumpeleka hospitali ya misheni. Mvua ilikuwa imenyesha. Walifika kijitoni, maji yamejaa. Wakasubiri yapungue. Yeye hakuvuka. Alifia pale pale."

"Mama alikaa nje siku mbili hakuongea," Skolastika akaendelea. "Baada ya hapo hakumgeuza mtoto wa mtu tena. Wanawake walikuwa wanakuja, anawapapasa. Kichwa kikiwa chini anawaambia, uko sawa mwanangu. Akikuta pako wazi, ananawa mikono, anawaita wanaume wafunge machela siku hiyo hiyo, kabla ya uchungu. Nilikuwa nimesahau. Miaka yote hii nimekumbuka samli. Nimekumbuka walivyokuwa wanamletea kuku na kumwimbia. Yule Kwangu nilimsahau kabisa."

Bhoke akavua miwani, akaifuta.

"Basi mama yako alijifunza kwa njia ngumu," alisema. "Na alichojifunza ndicho tunachofundishwa sisi shuleni. Mikono ni ya kujua. Ukishajua, unaamua mgonjwa aende wapi. Ukisukuma tumbo, kondo la nyuma linaweza kubanduka, mama akavuja damu ndani. Mfuko wa uzazi unaweza kuchanika. Kiungamwana, ile kamba inayomlisha mtoto, inaweza kumbana. Jana mmenusurika. Nakwambia ili uwaambie na wengine, wala si kwa ajili ya kukulaumu."

"Nimeelewa, sista."

Fredi, aliyekuwa akisubiri nje, akaitwa ndani. Bhoke akachukua boksi la glavu, akaliweka kwa upande mdomoni mwa kikapu.

"Tuseme mlango ni huu," alimwambia. "Mtoto akija kichwa, anapita. Mtoto wako amelala hivi, amekingama. Hawezi kupita. Miezi ya nyuma si tatizo, mtoto anageukageuka mwenyewe. Na hata sasa anaweza kugeuka. Lakini siku zimebaki chache. Chupa ikipasuka akiwa bado amekingama, kamba inaweza kutangulia, au mkono. Hapo tunakimbizana na dakika. Kwa hiyo Diana hawezi kuzalia hapa zahanati, wala kusubiri uchungu nyumbani. Ninaandika rufaa. Leo hii mnakwenda hospitali kubwa, Musoma."

"Atapasuliwa?" Fredi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Daktari ataamua. Atampiga picha ya altrasaundi kwanza, aone kondo limekaa wapi. Mtoto akigeuka, atazaa kawaida. Asipogeuka, ndiyo, atapasuliwa. Wanawake wengi wanapasuliwa na wanarudi kulea. Unaogopa?"

"Naogopa."

"Hata mimi ningeogopa. Nendeni pamoja."

* * *

Safari ya Musoma Skolastika aliifanya kimya. Alikaa dirishani. Barabara ilikuwa lami tupu, na madaraja yalikuwa ya zege. Alipotazama kijito kimoja wakikipita kwa kasi, ambapo hata maji hayakuonekana, alimfikiria Kwangu na wale wanaume wenye machela. Gari lilivuka kabla hajamaliza kulikumbuka jina la mume wa Kwangu.

Hospitalini Diana alipimwa. Picha ilionyesha vile vile mikono ilivyosema: kichwa kushoto, matako kulia. Kondo lilikuwa limekaa juu, halikuziba njia. Daktari akashauri Diana alazwe wodini, asirudi kijijini.

Fredi alirudi kwa watoto na mifugo. Skolastika alibaki Musoma kwa binamu yake, mtaa wa Nyasho. Kila siku aliamka, akapika uji, akapeleka wodini. Kila siku mkunga alimpima Diana kwa mikono. Skolastika alisimama miguuni pa kitanda akitazama. Sasa alijua kila swali. Juu kuna nini? Pembeni kuna nini? Chini je?

"Bado pako wazi," mkunga alisema.

Siku zikapita hivyo. Mchana waliongea. Siku moja Diana aliomba asimuliwe tena habari za Matrida. Skolastika alisimulia, lakini safari hii hakuruka kitu. Alisimulia samli na nyimbo, akasimulia na machela. Alipofika kwenye zile siku mbili ambazo mama yake alikaa nje bila kusema, akashindwa kuendelea. Akamshika Diana mkono.

"Mwanangu, ile Jumapili nilikuumiza. Uliniambia inauma nikakwambia uvumilie. Nisamehe."

"Nilikasirika, mama," Diana alisema. "Siyo kwa sababu ulikosea. Nilikasirika kwa sababu niliposema inauma, hukunisikia."

"Ni kweli. Nilikuwa namsikiliza marehemu."

"Basi yameisha," Diana alisema. Akamfinya vidole. "Uji umebaki?"

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Diana alikuwa amekaa kitandani anasukwa nywele na mgonjwa mwenzake. Ghafla akasikia maji ya vuguvugu yanatiririka miguuni. Alikumbuka alivyoelekezwa. Hakusimama, hakutembea. Alilala ubavu, akaita, "Sista! Chupa imepasuka!"

Mkunga akaja mbio. Akavaa glavu, akapima kama kamba imetangulia. "Haijatangulia. Twende." Machela ya magurudumu ikaletwa. Skolastika alikuwa ndiyo anaingia wodini na chupa ya uji. Akaona kitanda cha Diana kitupu, shuka limelowa.

"Wamempeleka chumba cha upasuaji," yule msusi alimwambia. "Sasa hivi tu. Hata dakika tano hazijafika."

Skolastika akakaa kwenye benchi la ukumbini. Akatoa rozari mfukoni, lakini maneno yaliyoyoma. Hakujua alikaa muda gani. Aliona tu viatu vya watu vikipita. Alifikiria kama wangekuwa nyumbani. Bodaboda ingetafutwa. Gari lingetafutwa barabarani. Diana angekuwa amelala ndani, na watu wamejaa mlangoni kila mmoja na ushauri wake.

Mlango ukafunguliwa. Nesi akatoka amebeba mtoto ndani ya khanga.

"Bibi wa mtoto wa Diana ni nani?"

"Mimi," Skolastika alisema, akainuka haraka mpaka chupa ya uji ikaanguka.

"Mtoto wa kiume. Kilo tatu na gramu mia. Mama yake anashonwa, anaendelea vizuri."

Mtoto alikuwa anapiga kelele, ngumi zimekunjwa, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Skolastika akampigia simu Fredi. Akaisogeza simu karibu na mdomo wa mtoto, Fredi asikie mwenyewe.

Wakamwita Burito.

* * *

Walirudi nyumbani baada ya siku chache. Alhamisi iliyofuata, jumuiya ya kanisani ilisali nyumbani kwa Skolastika. Sala ilipokwisha, kabla wanawake hawajainuka, alisimama. Aliwaeleza yote. Alieleza jinsi alivyomzuia mkwe wake kwenda kliniki kwa sababu ya palizi. Alieleza jinsi alivyomkanda. Baadhi ya wazee walioijua habari ya Kwangu waliinamisha vichwa.

"Mlikuwa mnamsifuga mama kwa kugeuza watoto," alisema. "Na mimi nilikuwa namsifu hivyo hivyo. Mwenyewe aliacha kugeuza. Aliacha kwa uchungu. Kama mnampenda Matrida, msije kwangu kukandwa."

Lakini tabia haibadiliki kwa siku moja. Wiki mbili baadaye mke wa jirani yao Werema alikuja, tumbo kubwa, akiwa ameshika kichupa cha mafuta.

"Mama, nisaidie kidogo tu. Nasikia uzito upande huu. Wewe ni mtoto wa Matrida."

"Kadi yako ya kliniki iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Umekwenda mara ngapi?"

Yule binti akaangalia chini. "Moja."

"Kaichukue. Nakusubiri hapa hapa. Tunakwenda wote."

Wakaenda. Njiani yule binti alikiri kwamba anaogopa. Alisikia kwamba zahanati wanaminya tumbo.

"Wakikupima vizuri hauumii," Skolastika alimwambia. "Atakwambia kwanza ukajisaidie. Ataosha mikono, ataipasha joto. Atakutazama usoni. Kama unaumia, sema. Akiwa anajua kazi yake, ataacha."

Zahanati Stellah ndiye aliyewapokea. Alikuwa anakaribia kumaliza mafunzo yake. Alisugua viganja vyake, akafunga pazia, akamtazama mama yule usoni na kumuuliza kama yuko tayari. Akapapasa juu. Akapapasa pembeni, upande mmoja, kisha mwingine. Hakuharakisha. Akashuka chini, akatulia. Kisha akageuka, akatazama miguuni, akashusha vidole pande zote mbili.

Bhoke alikuwa amesimama karibu na dirisha, miwani imening'inia.

"Haya, tuambie," alisema.

"Matako juu. Mgongo kulia, ndiyo maana anasikia uzito huku. Kichwa chini, bado kinaelea kidogo." Stellah akatabasamu. "Amekaa vizuri, sista."

Mke wa Werema akamgeukia Skolastika, aliyekuwa kwenye kiti karibu na mlango.

"Mama, ni kweli?"

"Usiniulize mimi," Skolastika alisema, naye anacheka. "Muulize aliyesomea. Halafu muulize tarehe ya kurudi, nikuandikie na mimi, maana nakujua wewe utasahau."